Elimu ya Dini kwa Vijana wa Sekondari ya Kikatoliki, Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mwalimu wa dini wa shule moja ya sekondari ya bweni ya Kikatoliki iliyopo Moshi, kwa ajili ya wazazi na walezi ambao watoto wao wanaanza kidato cha kwanza au wanahamia kwetu kutoka shule nyingine. Maswali yenyewe yamekusanywa siku za kuripoti na katika vikao vya wazazi. Mengine, ambayo kwa kawaida ndiyo mazito zaidi, yaliulizwa kwa sauti ya chini karibu na lango, mzazi akiwa tayari ameita bodaboda.

Mwanangu ana kipindi cha dini kwenye ratiba, kisha jioni anakwenda mafundisho. Je, si kitu kilekile?

Si kitu kilekile, na tukielewana hapa nusu ya maswali yanayofuata yatakuwa yamejibiwa. Kipindi cha dini kilicho kwenye ratiba ni somo kama yalivyo masomo mengine: kina muhtasari, daftari na majaribio, na lengo lake ni kumwezesha mwanafunzi kuijua dini, yaani kuelewa Maandiko Matakatifu, historia ya Kanisa, mafundisho ya maadili na jinsi imani inavyokutana na sayansi, siasa na maisha ya mtaani. Mwanafunzi anaweza kupata alama A katika somo hilo bila kuwa muumini, na muumini hodari anaweza kufeli kwa sababu hakusoma. Mafundisho ya jioni, ambayo kwa lugha ya Kanisa huitwa katekesi, yanamwandaa yule anayeamini au anayetaka kuamini ili apokee sakramenti na aishi anachokisadiki. Hayo hayana alama, hayana wa kwanza wala wa mwisho, na hakuna ripoti ya muhula itakayokueleza kwamba mwanao amepata asilimia 72 katika sala.

Tofauti hii haikubuniwa na shule yetu. Mwongozo Mkuu wa Katekesi uliotolewa Roma mwaka 1997 unaieleza waziwazi, na ule wa mwaka 2020 umeirudia: mambo haya mawili yanatofautiana, lakini yanakamilishana. Kwa uzoefu wangu, malalamiko mengi ya wazazi huzaliwa pale ambapo kimoja kinadaiwa kazi ya kingine. Mzazi anaona A kwenye ripoti, anadhani mtoto amekuwa mchamungu; likizo inapofika mtoto hataki kuamka Jumapili, na mwalimu wa somo anapigiwa simu kuulizwa ile A aliitoa kwa kigezo gani.

Je, elimu ya dini ni ya lazima?

Inategemea unazungumzia kipi kati ya hivyo viwili. Kipindi cha dini kinahudhuriwa na wanafunzi wote wa shule yetu, wa madhehebu na dini zote, na sharti hilo limeandikwa katika fomu ya kujiunga ambayo mzazi huitia saini. Ninawasihi wazazi waisome fomu hiyo kabla ya kulipa ada, kwa maana wengi huisoma baada ya mgogoro kutokea. Kuufanya mtihani wa taifa wa Maarifa ya Biblia ni hiari ya mwanafunzi na mzazi wake.

Katekesi na sakramenti si za lazima na haziwezi kuwa za lazima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Kanisa lenyewe, jambo ambalo huwashangaza baadhi ya wazazi wetu Wakatoliki, linasema vivyo hivyo: kanoni ya 748 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikwisha kutoa tamko zima juu ya uhuru wa dini Desemba 7, 1965. Kwa hiyo mzazi anapoandika barua akiomba mtoto wake wa kidato cha tatu “abatizwe muhula huu bila kukosa”, jibu letu huwa la upole, lakini ni lilelile kila mara.

Tunataka mtoto awe daktari. Maarifa ya Biblia yatamsaidia nini?

Daraja la mtihani wa kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, hivyo Maarifa ya Biblia yanaweza kumbeba pale ambapo somo jingine limemwangusha. Hata hivyo, hayachukui nafasi ya fizikia, kemia au baiolojia wakati wa kuchaguliwa tahasusi ya sayansi. Sipendi kuitetea dini kwa hesabu za pointi, lakini swali limeulizwa kwa hesabu na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Jambo la kuzingatia zaidi ni lugha: mtihani huo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali sisi katika kidato cha kwanza tunaeleza mambo kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu mtoto anayekariri maana ya neno “neema” kwa lugha asiyoielewa atajibu swali la mtihani na asijue ameandika nini.

Sisi ni Walutheri wa Machame. Je, mtoto wetu atageuzwa Mkatoliki?

Hapana. Swali hili lina mizizi mirefu katika mlima wetu, maana tangu mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni za Kilema na Kibosho, na wale Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipoanza kazi Machame, imekuwa kawaida kumtambua mtu dhehebu lake kwa kumuuliza anatoka tarafa gani. Leo darasa letu moja lina Wakibosho, Wamachame, Wamarangu na watoto wa Arusha mjini ambao hawajui hata kwamba mgawanyo huo ulikuwapo.

Mambo matatu huwahusu zaidi wazazi wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. La kwanza ni kwamba Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kilutheri, uliofanyika kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kanoni ya 869 hairuhusu aliyebatizwa hivyo abatizwe tena. La pili ni Kipaimara, ibada ya kumwimarisha aliyebatizwa katika imani yake. Kijana Mlutheri ana mafundisho yake ya Kipaimara usharikani kwake, na akikaa bweni muhula mzima atayakosa. Tunaomba mzazi aje na barua ya mchungaji inayoonyesha mtoto amefikia wapi, nasi tunampa nafasi ya kujisomea na ruhusa ya kwenda usharikani kwa tarehe zilizopangwa.

La tatu ndilo gumu. Wakristo wasio Wakatoliki, kwa kawaida, hawapokei Komunyo katika Misa yetu, na sheria hiyo iko katika kanoni ya 844. Tunawaeleza wanafunzi wote katika wiki ya kwanza, kwa sababu mtoto wa miaka 13 aliyepanga mstari na wenzake na kurudishwa mbele ya shule nzima hatasahau aibu hiyo. Ninakiri kwamba hakuna maelezo yanayoiondoa kabisa ladha ya uchungu iliyomo ndani ya jambo hili, hasa kwa watoto ambao baba anasali kwingine na mama kwingine. Nisichokubali ni kumficha mtoto.

Na sisi Waislamu?

Mnakaribishwa, na ni vyema mkajua mapema mtakachokipata na mtakachokikosa. Tunatoa nafasi na muda wa swala, na mwezi wa Ramadhani jiko huandaa daku na futari. Katika kipindi cha dini mwanafunzi Mwislamu atasoma yanayosomwa na wenzake, kama maarifa, wala hatatakiwa kukiri asichokiamini. Tamko la Mtaguso la Oktoba 28, 1965, juu ya uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo linasema wazi kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu. Tusichokuwa nacho ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mzazi anayetaka mtoto wake alisome somo hilo hadi mtihani wa taifa atafute shule inayolifundisha, na kumwambia hivyo kabla hajalipa naona ndiyo ukarimu.

Binti yangu alikuwa mwanakwaya. Sasa yuko kidato cha tatu na anauliza maswali ya kukufuru. Shule imemfanya nini?

Swali hili hufika, kwa maneno tofauti, karibu kila mwaka ifikapo likizo ya Juni, na karibu kila mara linahusu mtoto mwenye akili nzuri. Mtoto wa shule ya msingi hupokea imani kama anavyopokea chakula cha nyumbani: kipo mezani, anakula. Akifika miaka 14 au 15 anaanza kuuliza chakula hiki kimepikwa na nani na kwa nini hiki na si kile. Kuuliza huko, katika umri huo, ni dalili kwamba ameanza kuishika imani kwa mikono yake mwenyewe, na asiyeuliza kabisa hunitia wasiwasi zaidi.

Maswali yenyewe ni ya kweli na hayajibiwi kwa kukemea. Mmoja aliniuliza kwa nini nyanya yake, aliyesali rozari kila siku, alikufa kwa maumivu makali ilhali mlevi wa jirani anaendelea kunenepa. Nilimfungulia kitabu cha Ayubu, tukasoma jinsi rafiki zake walivyomjia na majibu mazuri na jinsi Mungu, mwishoni, alivyowakasirikia wenye majibu badala ya yule aliyelalamika. Hakuridhika siku hiyo. Sikutarajia aridhike.

Swali jingine linalorudi ni la asili ya mwanadamu. Historia ya kidato cha kwanza inamfundisha mtoto mabadiliko ya mwanadamu, na sisi wa kaskazini hatuwezi kulikwepa: Olduvai iko mkoa jirani wa Arusha, na hapo mwaka 1959 Mary Leakey aliligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Wanafunzi hurudi kutoka ziara ya huko wakiuliza, “Mwalimu, Adamu yuko wapi kati ya hawa?” Baadhi ya wazazi hutegemea mwalimu wa dini aseme fuvu lile ni la uongo. Siwezi, na Kanisa halinitaki niseme hivyo. Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu jambo hilo lichunguzwe na wataalamu, akishikilia kwamba roho ya mwanadamu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1996, alisema kwamba nadharia ya mabadiliko hayo imekuwa zaidi ya dhana tupu. Huwa ninaongeza habari za padre Mbelgiji, Georges Lemaître, ambaye ndiye aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza katika hali ndogo sana kisha ukapanuka, nadharia ambayo wanafunzi hudhani ilibuniwa ili kumpinga Mungu. Kitabu cha Mwanzo kinajibu kwa nini tupo na ni wa nani. Mifupa ya Olduvai inajibu mwili wetu umepita wapi. Mwanafunzi akiyatenganisha maswali hayo mawili, mwalimu wa baiolojia na mimi tunakunywa chai meza moja bila shida.

Ninalowaomba wazazi ni hili: mtoto akiuliza swali la namna hiyo nyumbani, asipigwe wala asiambiwe kwamba ana pepo. Akijibiwa “sijui, tutamuuliza Padre”, atakuwa amejibiwa vizuri.

Je, mnafundisha kwamba mila zetu ni za kishenzi?

Hapana, ingawa naelewa swali linakotoka, kwa maana babu zetu waliambiwa hivyo. Sisi tunazipima mila moja moja. Chukua isale. Kila mtoto wa Kichagga aliyekulia kihambani analijua jani hilo: aliyekosa hulituma kwa aliyekosewa, mara nyingi kwa mkono wa mzee anayeheshimika, na aliyeletewa isale hupata shida kukataa kusamehe. Ninapofundisha sakramenti ya Kitubio ninaanza hapo. Ninawauliza wanafunzi: kwa nini mkosaji asiseme tu “samahani” kimoyomoyo nyumbani kwake? Wao wenyewe hueleza kwamba kosa limevunja uhusiano wa watu wawili na wa ukoo, kwa hiyo lazima mtu atoke, aende, aseme, na alipe. Hapo majuto, maungamo na malipizi huwa vimekwisha kueleweka kabla sijafungua katekisimu.

Kuhusu matambiko mambo si mepesi kiasi hicho. Kuwakumbuka na kuwaombea marehemu ni jambo la Kikatoliki kabisa, na Novemba 2 ni siku yao. Kuchinja ili marehemu asilete ugonjwa katika nyumba ni jambo jingine, na hapo tunawaambia vijana wazi kwamba imani ya ufufuko haiendi pamoja na hofu hiyo. Mwanafunzi anayerudi Rombo mwezi Desemba na kukuta ukoo mzima umekusanyika hatumwagizi agombane na babu yake. Tunamwambia akae, aheshimu, ale nyama kama mjukuu, na kama kuna tendo ambalo dhamiri yake inalikataa, amweleze mjomba au shangazi mapema, faragha.

Je, ni kweli wakorofi huadhibiwa kwa kusali rozari?

Hapa kwetu hairuhusiwi. Nilisoma shule moja ambayo aliyechelewa kuamka alipigishwa magoti kanisani na kuamriwa kusali makumi matano, na ilinichukua miaka mingi kuishika rozari bila kusikia harufu ya sakafu ile. Anayechelewa kwetu hufyeka majani.

Mtoto wetu hajabatizwa na sasa anaomba ubatizo. Tufanye nini?

Kwanza msiharakishe, na msikatae. Kwa sheria ya Kanisa, aliyevuka utoto na kuwa na matumizi ya akili huhesabiwa kama mtu mzima katika mambo ya ubatizo, kwa hiyo haitoshi wazazi kutaka; yeye mwenyewe lazima aonyeshe nia, afundishwe na ajaribiwe katika maisha ya Kikristo. Hupitia ukatekumeni, yaani kipindi cha maandalizi ya ubatizo, na mahali pake pa kawaida pa kubatizwa ni Mkesha wa Pasaka. Kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, shule haimwandikishi bila barua ya mzazi au mlezi, hata kama Padre ameridhika na nia yake. Mzazi akikataa, mwanafunzi huendelea kuhudhuria mafundisho akitaka, na ubatizo unasubiri. Kusubiri hakumpunguzii kitu: Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 21.

Msimamizi wa ubatizo awe na umri usiopungua miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa anayebatizwa. Wanafunzi wengi hupenda kumchagua rafiki wa kidato cha sita. Kwa umri anaruhusiwa, lakini mimi humshauri mtoto achague mtu wa nyumbani, kwa sababu rafiki wa bweni akishabadilisha namba ya simu, usimamizi umekwisha.

Kipaimara apokelee shuleni au parokiani?

Parokiani, ikiwezekana. Shule huandaa, na mwaka ambao wanafunzi ni wengi Baba Askofu huombwa kuja, lakini kijana atakayerudi nyumbani baada ya miaka minne anahitaji jumuiya ndogondogo inayomjua kwa jina.

Mnafundisha nini kuhusu mapenzi na mwili? Wengine tunaogopa mtawafumbua macho.

Macho yalikwisha kufumbuliwa, kwa simu, tena mara nyingi kwa simu ya mzazi. Tunafundisha usafi wa moyo kama Kanisa linavyoufundisha: kwamba mwili ni zawadi, kwamba tendo la ndoa mahali pake ni ndani ya ndoa, na kwamba kumtumia mtu kama kitu ni dhambi hata pale ambapo hakuna aliyeguswa, kama ilivyo kwa picha zinazosambazwa mitandaoni. Tunafundisha pia jambo ambalo zamani halikusemwa vya kutosha, nalo ni kwamba kijana ana haki na wajibu wa kumkatalia mtu mzima. Tunatumia habari za Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, ambao 22 kati yao ni Wakatoliki waliotangazwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Watu wengi huikumbuka sikukuu yao ya Juni 3 na kusahau kilichotangulia: Karoli Lwanga aliwakinga wavulana wa ikulu dhidi ya matakwa ya kimwili ya mfalme wao, na aliyekuwa mdogo kuliko wote, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14 alipochomwa moto Namugongo. Mwanafunzi akielewa kwamba utakatifu wa Kizito ulikuwa katika kumkatalia mwenye mamlaka, anajua pia kwamba hana utii wowote anaowiwa na mwalimu, mjomba, mlinzi au hata padre anayemtaka kwa mambo hayo, na anajua ni matroni gani wa kumwendea usiku huohuo.

Binti akipata mimba, hafukuzwi kwa jina la Mungu. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi masomoni, na sisi tunaona kwamba walimu wa dini ndio wanaotakiwa kuwa wa kwanza kumfungulia mlango.

Je, Padre atatuambia mtoto alichoungama?

Hapana. Hawezi kumwambia mzazi, mkuu wa shule wala polisi. Siri ya maungamo, kwa kanoni ya 983, haivunjwi kwa sababu yoyote.

Mtoto amerudi na chupa ya maji ya upako aliyopewa na rafiki yake. Mnasemaje?

Tunasema taratibu, kwa sababu nyuma ya chupa ile kwa kawaida kuna shida halisi: mama anaumwa, ada haijakamilika, au mtihani unakaribia. Kanisa Katoliki nalo lina maji ya baraka na mafuta matakatifu, kwa hiyo mwanafunzi huuliza kwa haki tofauti iko wapi. Tofauti tunayoifundisha ni kwamba visakramenti, yaani vitu vilivyobarikiwa kama hivyo, huambatana na sala ya Kanisa na imani ya mtu, haviuzwi, na havifanyi kazi kama dawa ya duka. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Februari 1, 2020, hapahapa Moshi, katika viwanja vya Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa maombi walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Baadhi ya wanafunzi wetu wanawafahamu waliokuwapo. Ninapolizungumzia simkejeli aliyekwenda pale, kwa maana alikwenda kutafuta nafuu. Ninawauliza wanafunzi ni nani aliyewafundisha watu hao kwamba Mungu hufikiwa na mwenye mbio zaidi, kisha ninawaacha wajadiliane wao kwa wao.

Nani anafundisha, na anasimamiwa na nani?

Kipindi cha dini kinafundishwa na walimu waliosomea, walei, watawa na mapadre, na mwalimu wa dini katika jimbo huteuliwa au kuidhinishwa na askofu, kwa kanoni ya 805. Katekesi inaongozwa na Padre mlezi pamoja na katekista. Yapo pia mambo yanayoendeshwa na wanafunzi wenyewe kupitia TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, kwa njia ya kuona, kuamua na kutenda iliyoanzishwa na padre Mbelgiji Joseph Cardijn. Wakiona, kwa mfano, kwamba wapishi wanabeba maji kutoka mbali, wanatakiwa waamue kitu na wakifanye, wasiishie kuimba. Wanafunzi wa madhehebu mengine wana UKWATA yao, yaani Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, na siku ya usafi wa mazingira wote hukutana.

Tununue Biblia ipi?

Biblia yenye vitabu 73. Nyingi zinazouzwa stendi na madukani zina 66, kwa kuwa hazina vitabu vya Deuterokanoni: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo. Biblia Habari Njema hupatikana kwa namna zote mbili, kwa hiyo fungua ukurasa wa yaliyomo kabla hujalipa. Mwanafunzi asiye Mkatoliki aje na ile ya nyumbani kwao. Tofauti ya orodha hizo mbili tunaisoma darasani na ni kipindi kizuri. Biblia ya kwenye simu haisaidii, kwa kuwa simu haziruhusiwi bwenini.

Wakati wa likizo tufanye nini?

Mwende naye. Mzazi anayemtuma mtoto Misa huku yeye akibaki kufungua duka ameshafundisha somo lake, na mimi siwezi kulifuta kwa vipindi viwili kwa wiki. Jumuiya yenu ikisali Jumamosi asubuhi, aende nanyi, asome somo, na awasikie wazee wakichangia kwa Kiswahili chao cha nyumbani; mengi ambayo sisi tunayachora ubaoni atayakuta pale yakiwa na majina ya watu.

Cheti cha ubatizo kimepotea. Je, ataachwa nje ya orodha ya Kipaimara?

Hataachwa, mradi ufuatiliaji uanze sasa. Kumbukumbu ya ubatizo hubaki katika daftari la parokia alikobatizwa, hata kama ni kigango cha mbali kilichokuja kuwa parokia baadaye, na mzazi anaweza kuomba nakala akiwa na jina la mtoto, majina ya wazazi na msimamizi, na mwaka. Angalieni majina: mtoto aliyebatizwa kwa jina moja na kuandikishwa cheti cha kuzaliwa kwa jingine ni wa kila mwaka, na marekebisho yanataka barua ya paroko pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Tunapokea nakala hizo ofisi ya Padre mlezi, siku za kazi, kabla ya muhula wa kwanza kufungwa.